Machinga Si Kiingereza

Nilikuwa na wiki tatu tu chuoni, Dar es Salaam, nilipoelezwa kwamba kwetu ni Kiingereza.

Tulikuwa kwenye kikundi cha majadiliano, mada ilikuwa ajira zisizo rasmi mijini, na mwenzetu mmoja, aliyesoma shule nzuri kuliko zetu, akatufafanulia asili ya neno "machinga". Linatokana, alisema, na maneno mawili ya Kiingereza, "marching guys", yaani vijana wanaotembea huku na huko. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaandika daftarini. Mimi nilinyanyua mkono, kisha nikaushusha, kwa sababu nilijua nikisema ninachokijua nitaulizwa nimekijuaje, na jibu ni kwamba mjomba wangu anauza soksi.

Basi nalisema leo. Natoka Kitomanga, kwenye barabara kuu itokayo Kilwa kwenda Lindi. Ukipita kwetu ukaendelea kusini, utafika Mchinga. Wamachinga ni watu. Wana lugha yao, mikorosho yao, minazi yao, makaburi ya babu zao. Vijana wao, pamoja na Wamwera na majirani wengine wa pwani ya Lindi, walijaa Kariakoo na bidhaa mabegani mpaka jiji likachoka kuwatofautisha, likawaita wote kwa jina la kabila moja. Baadaye jina likahamia kwa Msukuma, kwa Mpare, kwa Mgogo, kwa yeyote mwenye meza na mwavuli. Leo limo kwenye hotuba za viongozi na kwenye matangazo ya halmashauri. Kabila zima limegeuzwa kazi, kazi imegeuzwa kero, na sasa aliyesoma anatuambia kwamba hata jina lenyewe hatukuwa nalo.

Hasira yangu si ya isimu. Mji unaosahau jina ulilipata wapi hautaona tabu kumfukuza mwenye jina. Na mimi nadai hivi: Kariakoo ni mtaa wa kihistoria kwa sababu moja kubwa, kwamba kwa zaidi ya miaka 100 umekuwa ukimpokea mtu asiye na kitu na kumpa pa kuanzia. Siku utakapoacha kumpokea, historia yake imekwisha, hata kama kila ukuta utabaki umesimama. Siku hiyo inaandaliwa sasa, na sisi tuliosoma tunaishangilia tukiiita usafi, mpangilio, mandhari.

Kariakoo niliijua kabla ya chuo. Nilikuwa darasa la tano, likizo ya Juni, mama aliponipandisha basi alfajiri, namba ya simu ya mjomba imeshonewa ndani ya mfuko wa shati. Tukavuka Mbwemkuru, tukapita Hoteli Tatu, Nangurukuru, Somanga, tukavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003 na ambalo kabla yake, kwa simulizi za nyumbani, watu walikuwa wakilala kivukoni na mizigo yao. Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, Mbagala Rangi Tatu. Mjomba alinipokea hapo. Nilimwamkia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba mjomba, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi. Tuliingia Kariakoo saa mbili usiku. Watoto wa kijijini huambiwa kwamba mji una taa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu sauti.

Nyumba aliyopanga ilikuwa nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, nyumba ya Kiswahili ya zile ambazo mtu wa pwani anaweza kuichora akiwa amefumba macho: baraza mbele, mlango mmoja, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Vyumba sita, kaya sita. Chumba cha kwanza alikaa mwenye nyumba, mjane ambaye wote tulimwita Bibi. Cha pili fundi cherehani kutoka Kigoma na mkewe. Cha tatu vijana wanne wa Kilwa waliokuwa wakilala kwa zamu, wawili usiku na wawili mchana, kwa sababu wawili walikuwa walinzi. Cha nne mama lishe na binti zake. Cha tano mzee wa Songea aliyekuwa mpagazi sokoni. Cha sita mjomba, na mimi chini kwenye mkeka.

Sitaipamba nyumba ile. Choo kilikuwa kimoja kwa watu zaidi ya 20, na foleni yake ilianza saa kumi alfajiri. Ugomvi wa LUKU haukuisha: nani ana friji, nani anapiga pasi, nani kachangia elfu mbili wakati matumizi yake ni ya elfu tano. Mvua ikinyesha Aprili, maji yalipita ukumbini kama mpangaji wa saba. Anayesema maisha yale yalikuwa mazuri tu hakuyaishi.

Lakini ndani ya ua ule nilijifunza mambo ambayo baadaye chuoni nilifundishwa kwa majina makubwa. Mzee wa Songea alipofariki, hakuwa na ndugu Dar es Salaam. Nyumba nzima ilichanga. Bibi alikaa barazani na daftari, kila aliyepita akaandikwa, mwenye duka la mkabala, wauza kahawa, wapagazi wenzake, na kesho yake jioni mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Hakuna ofisi iliyoshiriki. Hiyo ndiyo bima aliyokuwa nayo yule mzee, na alikuwa ameilipia kwa kukaa pale miaka yote.

Na nilijifunza mali kauli. Mjomba alikuja mjini bila mtaji. Asubuhi alikwenda kwa muuzaji wa jumla Mtaa wa Kongo, akapewa soksi dazeni kadhaa bila kulipa hata shilingi, jioni akapeleka hesabu na kubaki na faida yake. Hakuweka dhamana, hakusaini karatasi. Siku ya kwanza aliulizwa swali moja tu: "Unakaa wapi?" Akamtaja Bibi. Yule mfanyabiashara akatuma kijana kwenda kuuliza barazani, na kijana akarudi na jibu. Kwa hiyo chumba kile hakikuwa mahali pa kulala tu. Ndicho kilichokuwa mtaji. Mtu anayekaa mwendo wa dakika tano kutoka sokoni anaaminika, anawahi mzigo ukifunguliwa, anarudisha kisichouzika, hana nauli ya kumla faida. Mhamishe mtu huyo kilomita 25 nje ya mji, hata kwenye chumba kizuri zaidi chenye choo chake, na umemfilisi bila kumgusa mfukoni.

Huu ndio utaratibu ulioijenga Kariakoo, na ni wa zamani kuliko mjomba.

Jina lenyewe linasema. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapa kambi ya kikosi cha wapagazi, "Carrier Corps", na midomo ya watu ikaligeuza kuwa Kariakoo. Hicho ndicho Kiingereza pekee kilichomo katika habari hii yote, na ona kilivyo: kinamaanisha wabeba mizigo. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika wa Mashariki walitwikwa risasi na unga wa jeshi, na waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita vile lilipiganwa Oktoba 1917 huko Mahiwa, mkoani kwetu Lindi. Kariakoo kuna Mtaa wa Mahiwa. Watu wanaupita kila siku na mizigo vichwani. Mwaka 1927 katikati ya mji ikasimamishwa sanamu ya Askari, amechomoa mguu mbele, bunduki mkononi. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Juu ya jiwe, aliyesimama ni mwenye bunduki.

Baada ya vita mji ukagawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Mwafrika akae mbali. Kariakoo ikawa upande wa pili wa uwanja huo, mahali pa mtu anayehitajika mchana na asiyetakiwa usiku. Na humo humo, kwenye nyumba za vyumba sita, watu wakaanza kukutana. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa mwaka 1929 kilikuwa na makao yake Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, na ni mtaa huo huo TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili ashike siasa, hakuwa na nyumba mjini. Alipokewa Kariakoo, nyumbani kwa Abdulwahid Sykes. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake katika TANU, hakuwatoa wanawake hao maktaba. Yeye alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, na aliijua mitaa kwa sababu mitaa ilimjua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Nchi hii ilipona kwa wageni wa Kariakoo.

Sasa tazama jinsi wageni wa kizazi cha mjomba walivyotendewa.

Wakoloni walikuwa na sheria ya kuwaondoa mijini wale waliowaita watu wasiotakiwa. Tulipojitawala tulibadili maneno. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, vijana wakazolewa mitaani kwa jina la wazururaji na kupelekwa wakalime. Yakajengwa maghorofa ya Machinga Complex pale Ilala, jirani na Uwanja wa Karume, na kwa miaka mingi vizimba vingi vikabaki vitupu, kwa sababu mteja wa soksi hapandi ngazi kutafuta soksi. Soksi ndizo humfuata mteja. Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kila kimoja, na mjomba alikivaa shingoni hata siku ya Idi. Kwa mara ya kwanza mgambo walimpita bila yeye kukunja turubai. Kisha Oktoba 2021, nchi nzima, meza zikaondolewa barabarani. Mjomba akapangiwa eneo ambalo mchana kutwa nilihesabu wateja saba, na wawili kati yao walikuwa wakiuliza njia.

Miaka miwili kabla ya hapo nyumba ya Bibi ilikuwa imeshauzwa. Bibi alifariki, warithi walikuwa wengi, kiwanja kilikuwa na thamani ya kuwatajirisha wote, na siwalaumu. Wapangaji walipewa miezi mitatu. Pamejengwa ghorofa: chini maduka, juu stoo za mabegi na viatu. Hakuna anayelala humo zaidi ya mlinzi. Ukipita saa nne usiku, taa zinaangaza maboksi.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu nimeyasikia yote, mengine kutoka kwa marafiki zangu.

La kwanza, njia zilizibwa. Ni kweli. Kuna siku Mtaa wa Kongo ulikuwa haupitiki, na mtu wa kiti cha magurudumu alikuwa amefukuzwa Kariakoo kabla ya machinga kufukuzwa. Gari la zimamoto nalo haliwezi kuruka juu ya meza. Haya ni matatizo, na matatizo huwa na ukubwa wake: mstari wa rangi barabarani, upande mmoja badala ya pande mbili, saa za kuuza na saa za kupisha, mtaa mmoja kufungwa kwa magari siku za Jumapili. Ajabu ni kwamba hatukuona ugumu kuligawia gari la mtu mmoja nafasi ya kuegesha kwa saa, kwa risiti. Nafasi hiyo hiyo ingetosha meza tatu na familia tatu. Barabara ilikuwa inagawika siku zote. Swali lilikuwa nani agawiwe.

La pili, wenye maduka wanalipa kodi na machinga anawaharibia. Anayesema hivi hajui mali kauli. Soksi anazouza machinga mbele ya duka mara nyingi ni za duka. Yeye ndiye mkono mrefu wa muuzaji wa jumla, unaofika Buguruni, Tandika na kituo cha daladala ambako mwenye duka hatafika. Kodi ya soksi ile ililipwa bandarini na ikalipwa dukani. Na machinga alipoambiwa alipe 20,000 atambuliwe, alipanga foleni. Aliyekuja kulivunja agano lile si yeye.

La tatu, usalama. Hili ndilo hunichoma. Soko la Kariakoo, lile jengo kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa miaka ya 1970, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka ghorofa Kariakoo asubuhi watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 wakafa, wengine baada ya kusikika wakiita kutoka chini ya kifusi. Tulilia wote. Lakini sijasikia mtu akidai kwamba ghorofa lile liliangushwa na meza ya soksi. Tunapotaja hatari ya Kariakoo tunamtazama aliye chini kwenye turubai, na tunasahau kutazama juu, kwenye saruji na nondo na ghorofa za haraka haraka. Nyumba ya Bibi ilivuja, ilinuka, na haikuwahi kumuua mtu.

La nne, na hili husemwa kwa upole kana kwamba ni ushauri: rudini kwenu mkalime. Ndugu zangu, tunalima. Mjomba alikuwa akirudi Kitomanga msimu wa kulima na kurudi mjini baada ya kuvuna. Fedha ya ufuta huja mara moja kwa mwaka, mnada ukifanyika, na bei haiulizi ada ya shule inadaiwa lini. Korosho nazo zina mwezi wake. Katikati ya misimu hiyo kuna miezi mirefu, na miezi hiyo ilijazwa na Kariakoo. Bati za nyumba yetu ni soksi. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ni soksi na mikanda. Kariakoo kwetu haijawahi kuwa mahali pa kuikimbia Kitomanga. Ilikuwa chumba kimojawapo cha nyumba yetu, kilichotokea kuwa mbali. Ukikivunja, ukuta unaopasuka uko Lindi.

Nimebakiza watu wa kugombana nao, nao ni sisi.

Sisi tunaopenda Kariakoo. Tunaokwenda Jumamosi na kamera, tukapiga picha mlango uliochakaa, kikombe cha kahawa, mzee wa kashata, kisha tukaandika kwamba hapa ndipo palipo na roho ya mji. Tunaotia saini kupinga nyumba ya zamani isibomolewe, ilhali hatujauliza nani amepanga ndani na atalala wapi. Tunataka uchangamfu bila wachangamshaji. Tunataka sauti ya mtaa, ila ikizidi tunaiita kelele. Na tukipata kazi nzuri tunapanga mbali, Mbezi au Goba, kisha tunarudi Kariakoo kuionea uchungu.

Wenzetu wameshatuonyesha njia hii inaishia wapi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba baada ya nyumba ikawa hoteli. Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya mkondo, walikokaa watu wa kazi, ambao mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi mpaka serikali ya kikoloni ikatikisika, haikuonekana kuwa na milango ya kutosha kuitwa urithi. Venice ya Italia, katika mji wake wa kale, imeshuka kutoka wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951 mpaka chini ya 50,000, na mwaka 2024 ikaanza kumtoza kiingilio mgeni anayekuja kwa siku moja. Mji unaotoza kiingilio hauna tofauti na makumbusho.

Lakini kwa nini niende Venice, wakati njia ya kwetu inapita Nangurukuru? Ukichepuka hapo ukashuka mpaka Kilwa Masoko, ukapanda chombo, dakika chache uko Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na akauhesabu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na yeye alikuwa ameona miji. Dhahabu ya Sofala ilipita pale. Watu hukumbuka sifa ya majengo. Mimi hukumbuka habari nyingine aliyoiandika, ya sultani aliyesimamishwa njiani na fakiri mgeni akaombwa nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Msafiri aliona kwamba hilo nalo linastahili kuandikwa pamoja na uzuri wa mji.

Leo Msikiti Mkuu upo. Husuni Kubwa ipo. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, biashara ikahama, na watu wakahama na biashara. Magofu yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa na nzuri ya ukarabati. Kuta zimeokolewa. Wanakijiji wanaishi kando yake kwa uvuvi na mashamba, na kijana anayekuongoza atakuonyesha kuba, kisima na bwawa la kuogea la sultani. Ni mahali pazuri sana, na patulivu. Unaweza kusimama katikati ya msikiti ukasikia mawimbi. Ule utulivu ndio ulionitisha. Nilisimama pale nikiwa kidato cha tatu, na wanafunzi wenzangu wanacheka nje, nikawaza kwamba mahali hapa palikuwa na Mtaa wa Kongo wake. Palikuwa na mtu anayepokea bidhaa asubuhi na kuleta hesabu jioni. Palikuwa na Bibi mwenye baraza. Mawe yalihifadhiwa. Hakuna mtu aliyejua namna ya kuwahifadhi wao, kwa sababu mtu huhifadhiwa kwa kuachiwa nafasi, basi.

Kwa hiyo sitaki Kariakoo iwekewe kibao cha urithi. Nataka mambo ya kawaida zaidi na magumu zaidi. Kila ghorofa linaloota mahali pa nyumba ya Kiswahili lirudishe idadi ile ile ya vyumba vya kupanga, kwa kodi ambayo mtu wa meza anaweza kuilipa, kwa mwezi, bila kudaiwa mwaka mzima mkononi. Kama kanuni zinaweza kulazimisha ghorofa liwe na maegesho ya magari, zinaweza kulilazimisha liwe na mahali pa kulala watu. Mitaa ya kuuzia ipangwe na wanaouza, wakiwa wamekaa kwenye kiti na wana kura, na si kusomewa tangazo. Mpangaji aliyekaa mahali miaka kumi asiondolewe kwa miezi mitatu. Ghorofa zikaguliwe kwa ukali ule ule unaotumika kukagua turubai. Na mtoto anayesoma darasani habari za machinga aambiwe kwamba Mchinga ni mahali, aonyeshwe kwenye ramani.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili. Yanahitaji tukubali kwamba mwenye mtaa ni anayeutegemea kabla ya anayeutazama.

Mjomba amerudi Kitomanga. Ana genge dogo kando ya barabara: vocha, maji ya chupa, biskuti, soksi jozi chache kwa mazoea. Mabasi ya Dar es Salaam yanaposimama, kwa dakika mbili tatu hivi, vijana hutoka vivulini na kukimbilia madirishani na korosho za kukaanga, mayai ya kuchemsha, na madafu yaliyokwisha kukatwa. Wanajua kuhesabu chenji huku wanakimbia. Wanajua abiria gani atanunua kwa jinsi anavyotazama. Hakuna aliyewafundisha.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mmoja wao, wa miaka 18 hivi, alikaa na mjomba jioni akamwuliza ukifika Kariakoo unaanzia wapi. Mjomba alinyamaza kidogo. Zamani jibu lilikuwa jepesi: unashuka Mbagala, unapanda daladala, unauliza nyumba ya Bibi nyuma ya Msimbazi, unasema umetoka Kitomanga.

"Subiri kwanza," alimwambia. "Nitauliza kama kuna mtu bado anakaa kule."